Kuongeza kasi ya vidole kwenye gitaa: mazoezi kwa anayeanza

Mtazame kwa karibu mpigaji anayekwenda mbio. Vidole vyake vya kushoto havipandi hata sentimita mbili juu ya nyuzi, kidole gumba hakikazi shingo ya gitaa, na bega limetulia. Kasi inatoka hapo: mwendo mdogo, mkono uliolegea. Mazoezi yaliyo hapa yanalenga hayo mawili, na yanamfaa mtu ambaye tayari anajua kutuni gitaa na anashika kodi chache kama Em, Am na C.

Hatua ya 1: Kagua gitaa kabla ya kulaumu vidole

Magitaa mengi ya bei nafuu huja na nyuzi zilizokaa juu mno, na hewa ya mwambao hulizidisha tatizo hilo. Unyevu wa Lamu na Malindi huvimbisha mbao. Ubao wa mbele unatuna, daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye ubao huo) linapanda nao, nyuzi zinazidi kuachana na freti (zile nyaya za chuma zilizokatiza shingo). Matokeo yake unabonyeza kwa nguvu nyingi ili upate sauti ileile, na mkono uliochoka hauendi mbio.

Pima hivi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Panga kadi tatu pamoja uziingize kati ya uzi wa sita (ule mnene) na freti ya 12. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, tatu zikienea vizuri bila kuuinua uzi, gitaa lako liko sawa. Nne zikipita huku zinacheza, mpelekee fundi. Atasugua kwa chini ule mfupa uliopachikwa kwenye daraja. Akipunguza milimita 1 pale, uzi utashuka nusu milimita kwenye freti ya 12. Asiondoe kingi kwa mara moja, kwa sababu mfupa uliosuguliwa kupita kiasi hauna dawa ila kununua mwingine. Gitaa la nyuzi za nailoni kwa kawaida hukaa juu zaidi, na kadi tano kupita si ajabu.

Ukinunua nyuzi za chuma, anza na seti ya 0.010, yaani unene wa uzi wa kwanza kwa inchi. Ni nyepesi kuliko ile ya 0.012, na vidole vichanga vitakushukuru. Ila usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni, hata muuzaji akikuhakikishia vipi: mvuto wake ni karibu mara mbili, na daraja litang'oka.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari na jasho huzitia nyuzi kutu upesi, na uzi wenye kutu unakwaruza ncha ya kidole kila unaposogea. Kila ukimaliza, futa nyuzi kwa kipande cha leso kuukuu, juu na chini ya kila uzi, kisha rudisha gitaa kwenye mfuko wake. Kulitundika ukutani mkabala na dirisha la baharini kunapendeza macho, lakini kunaliua gitaa.

Hatua ya 2: Tafuta nguvu ndogo kabisa inayotosha

Weka kidole cha shahada kwenye uzi wa tatu, freti ya 5, karibu kabisa na waya wa freti lakini si juu yake. Gusa tu bila kubonyeza, kisha piga. Utasikia mlio uliokufa. Ongeza nguvu kidogo kidogo huku unaendelea kupiga. Uzi utaanza kukoroma, kisha ghafla sauti itatoka safi. Simama hapo. Hiyo ndiyo nguvu unayoihitaji, na kwa wengi ni chini ya nusu ya ile waliyozoea.

Rudia kwa kila kidole. Ukiona unalazimika kubonyeza sana, tazama kidole kimekaa wapi: kikiwa katikati ya freti mbili, uzi hukoroma, nawe utaongeza nguvu ambapo ulitakiwa kusogea tu. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha kati. Ukikiondoa kabisa na noti ikatoka bado, mkono wako umelegea vya kutosha.

Hatua ya 3: Zoezi la 1-2-3-4

Hili ndilo zoezi mama. Kidole cha shahada ni 1, cha kati 2, cha pete 3, cha mwisho 4. Vidole hivyo vinne vishike freti za 5, 6, 7 na 8 kwenye uzi wa sita, kimoja baada ya kingine. Usianzie freti ya 1, kwani huko freti zimeachana sana na mkono mchanga hukakamaa kwa kujinyoosha. Ukimaliza uzi wa sita nenda wa tano, hadi wa kwanza. Kisha rudi kwa 4-3-2-1 hadi ulikoanzia. Mzunguko mzima ni noti 48.

Unapopanda, usikiinue kidole 1 unapoweka cha 2. Viache vyote vimelala mpaka cha 4 kishuke, ndipo uhamie uzi unaofuata. Kidole cha mwisho ndicho kitakachokusumbua. Kitaruka juu kama kwamba kinaogopa uzi, hasa baada ya cha 3, kwa sababu kano za vidole hivyo viwili zimeungana nyuma ya kiganja. Mtu wa kawaida hawezi kuvitenganisha kikamilifu, kwa hiyo usikilazimishe. Punguza mwendo mpaka uweze kukiona na kukishusha.

Mkono wa kulia upige chini, juu, chini, juu, bila kukosa zamu. Piki (kile kibapa cha kupigia nyuzi) ya unene wa milimita 0.73 hadi 1 inafaa, na ncha yake ijitokeze kama milimita 4 tu nje ya vidole. Ncha ikitoka nyingi, inakwama kwenye uzi.

Hatua ya 4: Metronomu

Pakua kwenye simu programu ya metronomu, yaani kigonga mapigo kwa kasi unayoichagua. Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu zimebanana, na tiki-tiki ya nusu saa ni kero kwa jirani, basi vaa spika ya sikio moja, sikio la pili lisikilize gitaa.

Anza na mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo. Mizunguko mitatu mfululizo ikitoka safi, ongeza 5. Ikiharibika, rudi 10 nyuma. Ukifika 100, shuka hadi 50 lakini sasa piga noti mbili kwa kila pigo. Kasi ya vidole ni ileile, noti 100 kwa dakika, ila sasa unajifunza kujaza nafasi iliyo kati ya mapigo. Kutoka hapo panda tena kwa 5. "Safi" maana yake hakuna uzi uliokoroma, hakuna noti iliyolia kabla ya zamu yake, na bega halijapanda. Wanaoshindwa kusonga mbele mara nyingi wameongeza mapigo juu ya mzunguko mchafu, wakaufundisha mkono kosa kwa kasi kubwa.

Ukikwama kwenye kasi moja kwa wiki nzima, tenganisha mikono. Piga uzi mtupu kwa piki kwa kasi hiyo. Kisha acha piki, na vidole vya kushoto vigonge nyuzi peke yake vikitoa sauti. Mkono unaoshindwa ndio wa kufanyia kazi, na mwingine uache upumzike.

Hatua ya 5: Tatu tatu, kwa mwendo wa chakacha

Zoezi la nne nne lina upungufu mmoja: kila uzi mpya unaanza na pigo la chini, kwa hiyo mkono wa kulia haujaribiwi. Mwendo wa chakacha, ile ngoma ya mwambao, unahesabiwa sita, mkazo ukiwa kwenye moja na nne. Piga uzi wa pili kwenye freti za 5, 7 na 8 kwa vidole 1, 3 na 4, kisha uzi wa kwanza freti zilezile. Hapo una noti sita. Ukipiga chini-juu bila kukosa, mkazo wa moja unaangukia pigo la chini, na wa nne unaangukia pigo la juu.

Mkono utataka kudanganya kwa kupiga chini mara mbili unapovuka uzi. Usiukubalie. Weka metronomu 40, kila pigo noti tatu, na utie mkazo kwenye lile pigo la juu mpaka lilingane na la chini. Anayetaka kuingia kwenye taarabu au bendi za hoteli za Malindi atatumia uwezo huu kila siku.

Hatua ya 6: Kubadilisha kodi

Tafuta kidole kisichohitaji kuhama. Kutoka Am kwenda C, kidole 1 na 2 vinabaki palepale. Kidole 3 peke yake kinatoka uzi wa tatu freti ya 2 kwenda uzi wa tano freti ya 3. Kutoka D kwenda G, shika G yenye kidole 3 kwenye uzi wa pili freti ya 3 na kidole 4 kwenye uzi wa kwanza freti ya 3. Kidole 3 kilikuwa hapo tangu kwenye D. Tega dakika moja, uhesabu mabadiliko safi. Ukifika 30 unaweza kufuata wimbo wa polepole, na 60 inatosha nyimbo nyingi.

Muda na maumivu

Dakika 15 alfajiri kabla ya joto na 15 jioni zinashinda saa nzima ya mara moja. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe, kwa maana vidole vyenye jasho hunata kwenye shingo. Lakini usishike gitaa mara tu baada ya kuogelea au kufua. Ngozi iliyolowa huchanika, subiri nusu saa. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo mpaka ziote sugu, hata kwa mvuvi aliyezoea kuvuta wavu wa jarife, maana sugu zake ziko kiganjani. Maumivu ya kifundo cha mkono, au ganzi inayopanda kwenye vidole, ni jambo jingine. Weka gitaa chini siku hiyo, na yakirudi siku inayofuata nenda kituo cha afya kabla ya kuendelea.