Namna ya kutembelea makumbusho madogo ya maisha ya shambani

Makumbusho madogo ya historia ya vijijini kwa kawaida hayana zaidi ya vyumba viwili vitatu, ghala nyuma, na plau chache zilizoegeshwa ukutani. Wageni wengi huyamaliza kwa robo saa, wakatoka wakisema wameona majembe ya zamani. Mimi ni fundi seremala, na ndani ya vyumba vya namna hiyo nimejifunza mambo ya kazi yangu ambayo hakuna aliyenionyesha karakanani. Vitu vilivyomo vilishikwa kila siku, miaka nenda miaka rudi, na mikono ile iliacha alama. Ninachotaka kukueleza hapa ni namna ya kuzisoma alama hizo.

Kabla hujaenda

Piga simu kwanza. Makumbusho mengi ya aina hii yanaendeshwa na watu wa kujitolea, na saa zilizobandikwa mlangoni huenda ni za msimu uliopita. Tena simu ina faida ya pili: ni nafasi ya kusema unachopenda. Ukisema unavutiwa na ususi, au vipimo vya nafaka, au zana za fundi wa mbao, anayekusikiliza atakumbuka kisanduku kilichoko stoo. Makumbusho mengi yana vitu vingi zaidi stoo kuliko vile vilivyopangwa mbele, na cha stoo hakitolewi kwa mgeni aliyetokea ghafla.

Beba daftari, penseli, tochi ndogo, na lenzi ya kukuzia kama unayo. Kalamu ya wino iache, maana wino ukimwagikia nguo au karatasi ya zamani hautoki, na wahifadhi wengi hawataki kuiona karibu na vitu vyao. Vaa viatu vilivyofunga mguu. Sakafu za maghala zina mabonde. Mkoba wa mgongoni uache mlangoni, kwa sababu ukigeuka hujui umegusa nini. Uwe na pesa taslimu ya kutia kwenye sanduku la michango. Sehemu kama hizi mara nyingi paa lake linategemea sanduku hilo.

Mzunguko wa kwanza usisome chochote

Ukiingia, salimia, jiandikishe, kisha zunguka vyumba vyote bila kusoma maelezo hata kimoja. Ukianza na karatasi ya maelezo, macho yanatosheka na jina la kitu yanaacha kukitazama. Tembea tu. Ukimaliza, chagua vitu vitatu vilivyokuvuta, hata kama hujui kwa nini, uvirudie polepole. Vitatu vinatosha kwa asubuhi nzima.

Rudi kwenye cha kwanza, mathalani mpini wa jembe. Utaona sehemu mbili zinang'aa kuliko nyingine: hapo ndipo mikono miwili ilipokaa. Tazama umbali kati yake, kisha weka mikono yako hewani kwa umbali uleule. Papo hapo utahisi aliyelima alikuwa na mikono mirefu au mifupi, na pengine utagundua kuwa ni jembe la mtoto. Mwiko uliolika upande mmoja vivyo hivyo: koroga hewani, utajua ulikuwa wa mkono gani.

Mbao nazo zina mengi ya kusema. Omba ruhusa uwashe tochi, uilaze karibu na ubao ili mwanga upite juu yake kwa ubavu badala ya kuupiga usoni. Alama ambazo hukuziona zitainuka zote. Mistari iliyonyooka lakini isiyolingana ni ya msumeno wa kuvutwa kwa mkono. Mistari iliyopinda kama sehemu ya duara ni ya msumeno wa mviringo, yaani mashine. Vibonde vidogo vilivyofuatana ni vya tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao. Mahali paliporandwa kwa mkono, ukiangalia kwa ubavu, utaona mifereji mipana isiyo na kina, upana wake sawa na ulimi wa randa.

Tazama na misumari. Msumari uliofuliwa na mhunzi una pembe nne, unachongoka taratibu hadi ncha, na kichwa chake kina alama za nyundo. Msumari wa waya, ule mviringo tuliouzoea, ulienea mwishoni mwa karne ya 19. Ila uwe mwangalifu hapa: msumari unakwambia ulipigiliwa lini, haukwambii kasha lilitengenezwa lini. Kasha la zamani lenye msumari mmoja wa waya mara nyingi ni kasha lililokarabatiwa, na huko kukarabatiwa ndiko ninakokutafuta mimi kuliko kitu kingine chochote. Kibuyu kilichoshonwa ufa, bakuli lililofungwa kwa vipande vya waya, mguu wa kigoda uliobadilishwa kwa mti wa aina nyingine. Watu hawajisumbui kuziba kitu wasichokihitaji. Kiraka kinakuonyesha kitu hicho kilikuwa na thamani gani ndani ya nyumba ile, jambo ambalo kitu kizima, kizuri, kisicho na kovu, hakiwezi kukuonyesha.

Kama kuna mawe ya mizani, mwombe mhudumu akugeuzie moja. Chini ya mawe mengi ya chuma kuna tundu lililojazwa risasi, yaani ile metali laini na nzito. Ile risasi iliongezwa au kupunguzwa hadi uzito ukawa sawasawa, na juu yake ikagongwa mhuri wa mkaguzi wa vipimo. Jiwe lenye mihuri kadhaa lilikaguliwa mara kadhaa. Jiwe ambalo risasi yake imechokonolewa lina habari nyingine kabisa, na mkulima aliyenunua mahitaji yake mbele ya mizani hiyo angependa sana uitambue.

Jiwe la kusagia lisikupite. Lipo karibu kila mahali duniani palipolimwa nafaka, na wageni hulipita haraka kwa sababu ni jiwe tu. Chuchumaa mbele yake. Tazama lile bonde la katikati, uwaze ni miaka mingapi ya asubuhi imelichimba. Mtafiti Theya Molleson alichunguza mifupa ya wakulima wa kale wa Abu Hureyra, nchini Syria, na mwaka 1994 akaeleza alichokiona: mifupa ya wanawake wengi ilikuwa imeharibika kwenye vidole gumba vya miguu, magotini na kiunoni, kwa sababu ya kupiga magoti saa nyingi wakisaga. Ukishalijua hilo huwezi tena kuliita jiwe tu.

Mtu aliyeko pale

Kila makumbusho madogo yana mtu mmoja ambaye ndiye makumbusho yenyewe. Anaweza kuwa mlinzi, mwalimu mstaafu, au aliyekaa mezani akikata tiketi. Usimuulize "hiki ni nini?" maana atakusomea karatasi. Muulize aliyekitumia alikishika vipi, kilikuwa kinaharibikia wapi, nani alikileta hapa. Kisha nyamaza umpe nafasi.

Mzee mmoja alinisimamisha mbele ya nira ya maksai wawili, nami nilikuwa naangalia uchongaji wa shingo zake. Akaniuliza, "Fundi, hiyo pete ya kufungia mnyororo iko katikati?" Nikaitazama vizuri. "Haiko katikati, mzee." Imesogea upande mmoja, kiasi cha upana wa vidole vinne. Akanieleza kwamba maksai wale hawakuwa na nguvu sawa. Pete ikisogezwa upande wa mwenye nguvu, yule dhaifu anapata mkono mrefu wa nira na mzigo wake unapungua, na wote wawili wanakwenda sambamba. Akanionyesha na tundu la zamani, lililozibwa kwa kigingi: zamani pete ilikuwa katikati kabisa. Kwa hiyo mwenye nira alikuwa na jozi iliyolingana, halafu mmoja akadhoofika au akabadilishwa, naye badala ya kumchapa mnyama akatoboa tundu jipya. Kwenye karatasi palikuwa pameandikwa "Nira, mti." Nimeshachonga vitu vingi vya mbao, na bado naona tundu lile ni moja ya kazi za huruma zaidi nilizowahi kuona.

Ukikuta kitu kisicho na maelezo, tafuta namba yake. Huandikwa kwa wino mdogo mahali pasipoonekana, chini au nyuma, mara nyingi juu ya tabaka la vanishi. Utaratibu unaotumika sana ni mwaka, kisha fungu, kisha kitu: 1987.14.3 ni kitu cha tatu katika fungu la kumi na nne lililopokewa mwaka 1987. Iandike namba hiyo, umwombe mhudumu aitazame kwenye daftari la mapokezi. Pengine utakuta humo jina la kitongoji na kazi ya kitu, maneno ambayo hayakupata nafasi kwenye karatasi ya ukutani. Na muulize vitu vingine vya fungu hilohilo viko wapi, kwa sababu mara nyingi vilitoka nyumba moja.

Nyumba yenyewe nayo iulize: ilijengwa hapa au ililetwa? Tangu Artur Hazelius alipofungua makumbusho ya wazi ya Skansen mjini Stockholm, Uswidi, mwaka 1891, sehemu nyingi zimefuata mtindo wa kubomoa nyumba za mashambani kwa uangalifu na kuzisimamisha upya mahali pa maonyesho. Kama ni ya mbao, tafuta karibu na viungo mistari midogo iliyochongwa kwa patasi. Mafundi walitia namba za Kirumi kila ulimi wa mbao na tundu unaloingia, kwa kuwa patasi inachonga mistari iliyonyooka kwa urahisi. Nne mara nyingi utaikuta ni mistari minne iliyosimama.

Kuhusu kugusa: usiguse mpaka uambiwe. Jasho lina chumvi na mafuta, na chuma hupata kutu palepale kidole kilipokaa. Ngozi na wanyama waliokaushwa ni hatari kwako pia, kwani katika karne ya 19 na ya 20 vingi vilipakwa aseniki kuzuia wadudu. Mwelezee mtoto hilo kabla ya kuingia. Chumba cha nguo kikiwa na giza usilalamike. Kiwango cha mwanga kinachotumiwa sana kwa vitambaa na karatasi ni laksi 50, na flashi ya kamera izime. Ukipiga picha, anza na karatasi ya maelezo, kisha kitu, ndipo nyumbani hutachanganya.

Kisichokuwepo

Kabla ya kutoka, simama ujiulize nani hayumo. Kilichosalia si lazima ndicho kilichotumika zaidi. Nguo ya harusi inatunzwa. Nguo ya kulimia inavaliwa hadi inakuwa tambara, kisha inaisha. Zana za mwenye shamba kubwa zinabaki, na za kibarua ziliazimwa, zikavunjika, zikawa kuni. Kazi ya mtoto aliyefukuza ndege shambani haikuacha kifaa chochote. Mtaje mtu huyo kwa mhudumu, uulize kama kuna picha au simulizi yake iliyorekodiwa. Swali hilo likiulizwa na wageni wengi, linaingia kwenye mpango wa maonyesho yajayo.

Ukiweza, nenda na mtu mzima aliyewahi kuishi kwa zana hizo, na umwachie yeye aongoze mwendo. Mara nyingi atasimama kwenye kitu usichokitarajia, na mikono itaanza kuonyesha kabla ya maneno. Mwombe idhini ya kumrekodi kwa simu, kisha waachie makumbusho nakala.

Na kama kwenu kuna kitu cha namna hii mnachotaka kuwapa, waulizeni kwanza kama wana nafasi. Kikikubaliwa, andika kwenye karatasi nani alikitumia, wapi, miaka gani, kwa kazi ipi, na dai hati ya mapokezi. Usikisafishe. Usikipige msasa, usikipake rangi wala vanishi, na kipeleke na udongo wake ndani ya nyufa.