Kubadilisha pikipiki iliyochoka Tanga: maliza karatasi za ile kuukuu kwanza

Pikipiki inayolala nje Sahare au Raskazone haizeeki kwa kilomita tu. Upepo wa baharini una chumvi, na chumvi huanza na spoki, ikahamia kwenye rimu, ikaishia kwenye maungio ya chesisi pale rangi ilipobanduka. Siku fundi akikwambia pistoni na ringi ni za kubadilisha tena, unapiga hesabu na kuona heri uchukue mpya. Uamuzi wenyewe si mgumu. Tabu iko kwenye utaratibu, maana wengi huuanzia mwisho: wanakimbilia dukani, wanachagua rangi, wanalipa, halafu ile kuukuu wanamwachia jirani kwa maneno ya "kadi tutamalizana". Jirani anaiuza Muheza, wa Muheza anaiuza Handeni. Ikija kugonga mtu huko, jina linaloonekana kwenye kumbukumbu za TRA, mamlaka ya mapato, ni lako wewe uliyekaa Makorora unakunywa kahawa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na pikipiki unayoiacha.

Soma kadi, kisha soma pikipiki

Itoe kadi ya usajili uisome yote, si jina peke yake. Humo mna namba za chesisi, namba za injini, rangi, ukubwa wa injini na aina ya matumizi, yaani binafsi au biashara. Kisha chuchumaa kwenye pikipiki ulinganishe. Namba za chesisi kwa kawaida zimegongwa kwenye shingo ya usukani; za injini ziko kwenye bloku, chini, na mara nyingi zimefunikwa na oili na vumbi. Tumia kitambaa na mafuta ya taa. Usiguse msasa wala tindo, hata kama kutu imezila nusu, kwa sababu namba iliyokwanguliwa inafanana kabisa na namba iliyochezewa, na ofisa atakayeikagua hana njia ya kujua kwamba wewe ulikuwa unasafisha tu.

Pikipiki iliyotumika miaka mingi mara nyingi imeshabadilishwa injini, au ilikuwa nyekundu sasa ni nyeusi. Mabadiliko ya namna hiyo yanatakiwa kuingizwa TRA kabla ya kuhamisha umiliki. Tafuta risiti ya ile injini uliyoweka. Kama uliichukua kwa fundi bila karatasi yoyote, mrudie akuandikie na kusaini mauziano akiwa bado yupo na bado anakumbuka.

Kadi imepotea? Toa taarifa polisi upate ripoti ya upotevu. Siku hizi inaombwa hata mtandaoni kwenye mfumo wa LORMIS wa Jeshi la Polisi. Ukiwa na ripoti hiyo unaomba TRA nakala mpya ya kadi. Wakati mwingine hutakiwa pia hati ya kiapo, ambayo wakili yeyote anakuandalia.

Jina kwenye kadi si lako

Hapa ndipo penye kazi, na nitakaa kidogo, kwa kuwa madereva wa bodaboda wengi wamepita njia hii. Ulichukua pikipiki kwa mkataba: unapeleka hesabu kwa tajiri kila siku au kila wiki, muda ukiisha pikipiki inakuwa yako. Muda ukaisha, mkapeana mikono, akakupa kadi. Lakini kadi ina jina lake. Ukaendelea kuendesha miaka yote hiyo bila shida kwa sababu hakuna aliyekuuliza. Sasa unataka kuuza, na kwa macho ya serikali unauza mali ya mtu.

Mtafute tajiri wako mapema, na umwendee kwa heshima. "Shikamoo bosi. Ile pikipiki tuliyomalizana nataka kuibadilisha, naomba tuandikishane ili jina lako litoke." Ukiliweka hivyo, kwamba ni jina lake ndilo linaloondoka kwenye hatari, wengi hukubali upesi kuliko ukimwambia unahitaji msaada. Mwombe pia nakala ya kitambulisho na namba yake ya mlipakodi, yaani TIN. Utaratibu ulionyooka ni umiliki utoke kwake uje kwako, kisha utoke kwako uende kwa mnunuzi. Kuna watakaokushauri tajiri asaini moja kwa moja na mnunuzi mpya ili kuokoa gharama ya uhamisho mmoja. Inawezekana tajiri akikubali na akiwepo mwenyewe mbele ya wakili, ila fedha zipite mahali panapoonekana, maana kwenye karatasi wewe hutakuwepo kabisa.

Kama tajiri ameshafariki, usimwendee mjane na karatasi mkononi. Sahihi yake peke yake haitoshi, hata awe radhi namna gani. Anayeweza kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na hati ya usimamizi huo itaambatishwa kwenye maombi. Familia nyingi hufungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Ikiwa bado hawajafungua, jipange kusubiri, na pikipiki mpya isubiri pia.

Faini na madeni

Kabla mnunuzi hajaja, ingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa faini wa polisi, TMS, uone kama kuna faini ya trafiki iliyosahauliwa. Huenda kijana uliyemwazima alikamatwa Pongwe akanyamaza. Lipa kwa kontroli namba, tunza risiti.

Akija mtu kukwambia unadaiwa ada ya barabara ya kila mwaka, huyo ni kishoka. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Unailipa kila unapojaza tanki.

Mkataba wa mauziano

Mkataba uandikwe na ushuhudiwe na wakili. Karatasi ya daftari iliyosainiwa kijiweni na mashahidi wawili inaweza kusaidia mkigombana, lakini TRA haitaipokea. Uwe na majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, namba za TIN za pande zote mbili, namba ya usajili, chesisi na injini, bei, na namna ilivyolipwa. Picha ndogo za muuzaji na mnunuzi ziwe tayari.

Halafu kuna mstari ambao mawakili wengi hawauweki usipowaomba: tarehe na saa ya kukabidhi pikipiki. Saa ina maana. Ukikabidhi saa nane mchana na saa kumi trafiki akaandika faini Kange, mkataba ndio utakaosema ni ya nani.

Bei iandikwe ya kweli. Watu hushusha bei kwenye mkataba ili ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya thamani, upungue. Kwa pikipiki kuukuu utaokoa kiasi kisichofika nauli ya kwenda Pangani na kurudi, na TRA wana haki ya kuikadiria thamani wenyewe.

Kuhamisha umiliki

Maombi yanapitia TRA, kwenye lango la mlipakodi lililo katika tovuti yao au kwa kusaidiwa ofisini. Asiye na TIN aipate kwanza. Hutolewa bure kwa kutumia namba ya NIDA, hivyo usimlipe mtu wa nje anayekaa na kompyuta mpakato kwenye benchi. Utaambatisha mkataba, kadi halisi, vitambulisho na fomu ya uhamisho, ile inayojulikana kama MV 10. Ofisa anaweza kutaka aione pikipiki yenyewe, na hapo ndipo utakapofurahi kwamba ulisafisha namba kwa mafuta ya taa.

Malipo ni ya aina tatu: kodi ya uhamisho, ushuru wa stempu na ada ya kadi mpya. Kiasi hubadilika bajeti zinapobadilika, kwa hiyo aminini kile kinachotoka kwenye kontroli namba, si kinachotajwa mlangoni. Nani alipe? Kisheria mtapatana wenyewe. Desturi ni mnunuzi. Ushauri wangu ni muuzaji akate gharama hizo kwenye bei na ashughulikie uhamisho mwenyewe hadi mwisho. Mnunuzi hana haraka, kwani pikipiki tayari anaitembelea. Mwenye haraka ni yule ambaye jina lake bado liko kwenye kadi.

Waja leo waondoka leo ni sifa ya mji, si ya kadi. Usikubali kuhesabu kwamba jambo limeisha kabla ya kuona kadi yenye jina jipya, na upige picha yake.

Ikiwa pikipiki haiuziki tena na unayemfikiria ni muuza chuma chakavu, usiiuze kama chuma ukabaki na kadi ndani ya droo. Iombee TRA kufutwa kwenye usajili, urudishe kadi na vibao vya namba. Vibao vinavyobaki bila pikipiki hupata pikipiki nyingine, na hutaijua mpaka ilete mashaka nyumbani.

Sasa nenda dukani, ukiwa na leseni mfukoni

Angalia daraja la leseni yako kabla ya kuchagua. Daraja A1 ni la pikipiki zenye injini isiyozidi sisi (cc) 125. Zaidi ya hapo ni daraja A. Aliyezoea Boxer ya 100 akahamia Boxer BM 150 au TVS HLX 150 amevuka mpaka huo bila kuona tofauti kubwa barabarani, ila trafiki ataiona, na kampuni ya bima itaiona siku ya ajali. Kuongeza daraja kunahitaji mafunzo kwenye chuo kinachotambulika, VETA ikiwemo, na majaribio ya polisi, hivyo anza mapema.

Dukani, swali la kwanza liwe hili: bei hii ni pamoja na usajili kwa jina langu? Wengine hutaja bei ya pikipiki tupu, wengine bei ya pikipiki yenye namba na kadi. Wengine wamekwisha kuisajili kwa jina la duka na wewe utaanza tena safari ya uhamisho uliyoitoka jana. Toa TIN yako, chagua mapema kama ni ya binafsi au ya biashara, kwa sababu hilo ndilo linaloamua rangi ya kibao, njano au nyeupe. Dai risiti ya EFD yenye namba za chesisi na bei halisi uliyolipa. Kisha rudia zoezi lile la kuchuchumaa: namba za chesisi na injini dhidi ya risiti, hapo hapo, kabla ya kuwasha. Namba moja ikikosewa kwenye karatasi utahangaika nayo mpaka siku ya kuiuza.

Maduka mengine hupokea kuukuu ukaongezea hela. Ni njia nzuri kwa aliyechoka na wanunuzi wa kupunguza bei, lakini nayo ni mauziano: mkataba uwepo, na duka lihamishe jina. "Tuachie tu kadi" si mkataba.

Na kwa kuwa tuko karibu na Horohoro, mpakani na Kenya, utakutana na pikipiki ya bei ya kushangaza yenye namba za Kenya, zinazoanza na KM. Haiwezi kusajiliwa huku kwa kubadilisha kibao. Lazima ipite forodha na ilipiwe ushuru, na asiye na nyaraka hizo anakuuzia tatizo lenye magurudumu mawili.

Bima na LATRA

Bima ya ile kuukuu haihami yenyewe kwenda kwenye mpya. Muulize wakala wako kama kampuni inaruhusu kuivunja na kurudisha sehemu ya ada iliyobaki. Mpya ikatiwe bima kabla ya kutoka dukani. Kisheria angalau ile ndogo, ya mtu wa tatu, ambayo humlipa uliyemgonga na siyo pikipiki yako. Uliyenunua kwa mkopo utatakiwa uweke ile kubwa, inayolipia na pikipiki yako. Ukishapewa stika, ihakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kwa namba ya pikipiki. Stika bandia inang'aa sawasawa na ya kweli.

Anayebeba abiria anahitaji pia leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Leseni hiyo imefungwa kwenye chombo, kwa hiyo ile ya zamani usimwachie mnunuzi kama nyongeza ya kumfurahisha, wala usiibandike kwenye mpya. Omba mpya kwa kadi mpya, bima mpya na leseni yako ya udereva. Kofia ngumu ziwe mbili, yako na ya abiria. Kisha mjulishe kiongozi wa kijiwe chako namba mpya ya pikipiki, ili abiria akisahau mzigo kesho kutwa, wapige simu kwako na si kwa yule wa Handeni.