Kuchangia Uloto Ukiwa Ughaibuni: Maelezo kwa Ndugu wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mgonjwa wa saratani ya damu anayehitaji kupandikizwa uloto, yaani ute laini ulio ndani ya mifupa unaozalisha damu, hutafutiwa kwanza mchangiaji miongoni mwa ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja, na kila ndugu ana uwezekano wa asilimia 25 tu wa kulingana naye. Akikosa, hutegemea watu asiowajua, na kwa kuwa alama za tishu, ambazo ndizo hulinganishwa, hurithiwa, anayemfaa mara nyingi ni mtu wa asili kama yake. Katika sajili (orodha ya wanaojitolea kuchangia) ya Marekani iitwayo NMDP, mgonjwa Mweusi ana uwezekano wa takriban asilimia 29 wa kumpata anayelingana naye kikamilifu, ilhali Mzungu ana asilimia 79. Pengo hilo linaniuma, na wewe uliyetoka Singida, Kondoa au Dodoma mjini unaweza kulipunguza.

Kujiandikisha ni rahisi: unajaza fomu ya afya, unaletewa vijiti vya pamba kwa posta, unavisugua ndani ya shavu na kuvirudisha. NMDP hupokea wenye umri wa miaka 18 hadi 40, Anthony Nolan ya Uingereza 16 hadi 30, na DKMS ya Ujerumani 17 hadi 55. Sajili moja inatosha, kwani hutafutiana wachangiaji kimataifa. Ukihama au ukibadilisha namba ya simu, wajulishe.

Wazee walioko Mpwapwa au Kongwa wakisikia habari hii huhofia uti wa mgongo. Waeleze kwa upole kwamba hauguswi kabisa. Mara nyingi mchangiaji hudungwa sindano kwa siku chache ili seli zinazozalisha damu zitoke kwenye uloto na kuingia kwenye mzunguko wa damu, jambo linaloweza kuleta maumivu ya mifupa na kichwa, kisha damu hupitishwa kwenye mashine inayozichuja na kumrudishia iliyobaki. Njia ya pili ni kuchota uloto kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, akiwa amelazwa kwa nusukaputi; kiuno huuma kwa siku kadhaa, na mwili huurudisha uloto huo ndani ya wiki chache.

Mazungumzo na familia yafanyike mapema. Una haki ya kujiondoa, lakini mgonjwa akishaanza dawa za kuua uloto wake, kujiondoa kwako kunaweza kumgharimu maisha. Ukiitwa baada ya likizo nyumbani, taja safari hiyo, kwa sababu ya malaria.

Mwenye mdogo wake anayeugua selimundu Dodoma ana njia nyingine. Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wa selimundu uloto wa ndugu zao. Kubeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua hakukuzuii kumchangia ndugu yako. Wasiliana na madaktari wa mtoto kabla ya kukata tiketi, maana kipimo cha ulinganifu ndicho kinachotangulia.