Jinsi ya kupanga tahadhari ya mafuriko kijijini (Kyela na wote wa mabondeni)

Juzi nimemsaidia mwenyekiti wa kitongoji kimoja huku Kyela kupanga hili jambo, na kwa vile wengi mnaniuliza yaleyale naandika hapa wote msome.

1. Kamati. Pitieni kwa mwenyekiti na mtendaji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo hamuombi fadhila. Akina mama wawe wengi.

2. Ramani. Karatasi ya manila na makapeni, basi. Atakuja kijana na apu ya kwenye simu, mwambie asante. Bibi hawezi kukuonyesha kwenye skrini maji yalifika wapi, ila ukichora mto, barabara na kanisa kwenye manila atakunyang'anya kalamu. Wanawake wachore peke yao kwanza, maana wanaume wataweka daraja na shamba la kokoa wakasahau visima na nyumba yenye mgonjwa asiyetembea.

3. Mtu wa juu. Hapa ndo penyewe, msipaharakishe. Mto Kiwira unaanzia huko milima ya Rungwe kwenye mvua nyingi, unapita Daraja la Mungu ndo unatushukia sisi mpaka Ziwa Nyasa, kwa hiyo Kyela unaweza kulala nyota zinawaka na maji yako njiani. Taarifa za TMA, wale wa hali ya hewa, fuatilieni (angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa) ila zile ni za eneo kubwa, haziwaambii mto wenu usiku huu umefika wapi. Tafuteni watu wawili wanaokaa karibu na mto huko juu, na mimi namchagua mwenye duka au wa mashine ya kusaga kabla ya kiongozi, kiongozi kila siku yuko safari. Laini zao ziwe za mitandao tofauti, mvua ikikolea mnara unaweza kuzima. Wekeni alama za rangi kwenye mti au mwamba pale mtoni, kijani, njano, nyekundu, na meseji iwe neno moja tu, "NYEKUNDU", asianze na salamu. Hela ya vocha itoke kijijini, msitegemee moyo wake. Halafu muda wa maji kutoka huko juu mpaka kwenu msikisie: siku mto ukijaa kidogo wa juu aandike saa, wa chini naye aandike saa, rudieni kila ukijaa, na mpange kwa ule muda mfupi kuliko yote maana mafuriko makubwa hushuka mbio. Jaribuni saa nane usiku. Mchana kila mtu anapokea simu.

4. Sauti. Filimbi na ngoma. Spika ya kanisa nzuri, ila umeme ndo wa kwanza kuondoka.

5. Pa kukimbilia. Shule au kanisa lililo mwinukoni, kwa njia isiyovuka mto. Vyeti na kadi za kliniki kwenye ndoo yenye mfuniko.

Wa Mbeya mjini mlio chini ya milima, kama Itezi ambako Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifukia nyumba, kwenu mtu wa juu anaangalia vitu vingine: nyufa ardhini, miti iliyoanza kuinama, maji yanayotoka pasipokuwa na chemchemi. Hapo hakuna kusubiri meseji ya pili, mnahama mchana huohuo na hamrudi mpaka wataalamu waseme.