Kabla Hujachagua Kivinjari: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Faragha na Maadili

Watu wengi hawajawahi kuchagua kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti. Walikikuta. Anayenunua simu ya Android hukuta Chrome, mwenye iPhone hukuta Safari, kompyuta ya Windows huja na Edge, na simu nyingi za Tecno, Infinix na itel huja na Phoenix. Mtu anagusa alama iliyopo, anaperuzi, siku zinakwenda. Lakini programu hiyo moja ndiyo inayojua uliuliza nini kuhusu ule uvimbe uliokunyima usingizi, umeomba kazi wapi, na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) umeijaza kwenye fomu ya nani. Hakuna ndugu wala daktari anayeyajua yote hayo kwa pamoja. Ndiyo maana inafaa utulie na uamue kwa makusudi.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuuliza mwenye kivinjari anakula wapi. Kivinjari tunapewa bure, ilhali wanaokitengeneza wanalipwa mishahara. Google, iliyotoa Chrome mwaka 2008, huishi kwa matangazo, na kadiri inavyokufahamu ndivyo nafasi ya tangazo mbele ya macho yako inavyopanda bei. Kesi ya ushindani wa biashara huko Marekani ilifichua kwamba mwaka 2022 peke yake Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili watumiaji wa Safari wakutane kwanza na injini ya utafutaji ya Google. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kuwa kampuni hiyo imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Fedha nyingi hivyo zinaonyesha thamani ya kile kisanduku kidogo tunachoandikia maswali yetu. Na kumbuka kwamba kisanduku hicho unaweza kukibadilisha bila kubadilisha kivinjari: ingia kwenye mipangilio, tafuta injini ya utafutaji, weka unayoitaka.

Firefox inamilikiwa na Mozilla, shirika lisilo la kibiashara, lakini hata hilo hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka Google kwa mkataba wa namna hiyo hiyo. Februari 2025 lilipoondoa kwenye maelezo yake ahadi ya kutouza kamwe data za watumiaji, watu walihamaki, na masharti mapya yakarekebishwa ndani ya siku chache. Brave nayo inajinadi kwa faragha, na kwa kweli huzuia wafuatiliaji wengi tangu unapoiwasha. Hata hivyo, mwaka 2020 iligundulika kuwa mtu akianza kuandika anwani ya soko la sarafu za kidijitali la Binance, kivinjari kilimalizia anwani hiyo kwa kuongeza namba ya kuwaingizia wenyewe kamisheni. Mkuu wa kampuni aliomba radhi na jambo hilo likaondolewa. Sisemi haya ili ukate tamaa na wote. Nasema ili usimwamini yeyote kwa sababu ya tangazo lake, na uangalie anafanya nini anapobanwa.

Kisha uliza mwenye kivinjari ana biashara gani nyingine, na anawatendeaje watu huko. Kwetu Afrika Mashariki swali hili lina mfano wa karibu sana. Opera ilizaliwa Norway katika miaka ya 1990, na mwaka 2016 ikauzwa kwa kundi la wawekezaji wa China. Baada ya hapo kampuni ikaingia kwenye mikopo ya simu, ikiwemo OKash nchini Kenya. Januari 2020 kampuni ya uchunguzi wa masoko ya Marekani, Hindenburg Research, ilitoa ripoti ikidai kuwa programu hizo za mikopo zilitoza riba kubwa kwa muda mfupi kuliko duka la programu la Google lilivyoruhusu, na kwamba mkopaji akichelewa, watu waliomo kwenye simu yake walisumbuliwa. Opera ilikanusha, ikasema ripoti ina makosa mengi. Hindenburg nayo ilikuwa na maslahi, kwani ilikuwa ikipata faida hisa za kampuni iliyoichunguza ziliposhuka.

Ripoti hiyo haikusema kwamba kivinjari chenyewe kiliiba majina ya watu. Lakini Mkenya ambaye bosi wake au mama mkwe amepigiwa simu na mdai asiyemjua, au Mtanzania aliyeonja kausha damu ya mtandaoni, ana haki ya kuuliza jina gani linasimama nyuma ya programu anayoitumia kila siku. Mimi naona hilo ni suala la maadili hata kama upande wa ufundi hauna kasoro.

Tukiwa bado kwa Opera, kuna Opera Mini, na hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu bando ni ghali na programu hii imewasaidia wengi. Inapobana data kwa kiwango cha juu kabisa, simu yako haizungumzi na tovuti moja kwa moja. Ombi linakwenda kwenye seva za Opera, seva ndizo zinafungua ukurasa, zinaukamua, kisha zinakutumia uliokwisha kupunguzwa. Ni sawa na kumpa mtu barua akufungulie na kukufupishia. Hata tovuti yenye alama ya kufuli, usimbaji wake, yaani ile njia ya kuficha ujumbe usisomwe na wengine, unafunguliwa huko katikati kabla ya kukufikia. Kwa kusoma habari za mpira au matokeo ya mtihani, sioni ubaya. Kwa benki, barua pepe, fomu ya ajira au tovuti ya hospitali, usifanye hivyo. Zima ubanaji huo, au tumia kivinjari kingine. Kuwa na viwili kwenye simu moja si anasa: kimoja cha bando linapokuwa dogo, kingine cha mambo yako ya ndani.

UC Browser ya Alibaba ilipendwa kwa sababu hiyo hiyo ya bando. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kuwa ilikuwa ikivujisha namba za utambulisho wa simu na maneno ambayo watu walikuwa wakiyatafuta, bila ulinzi wa kutosha. Ukikuta kivinjari usichokifahamu kimewekwa na mwenye duka, fungua sera yake ya faragha utazame mambo mawili tu: kinachukua namba ya kifaa chako? Kinawapa akina nani? Sera ikikosekana, au ikiandikwa kwa namna isiyomtaja mmiliki, achana nacho. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinakupa nguvu ya kudai taarifa zako, lakini huwezi kumdai usiyemjua.

Usitegemee hali fiche (incognito) kwa kazi isiyokuwa yake. Inachofanya ni kutohifadhi historia na vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huviweka ili zikutambue) kwenye kifaa unachotumia, na kwa mtu anayeperuzi saiba au kwa simu ya kuazima, hilo ni la maana sana. Lakini mtoa huduma wa intaneti anaendelea kuona tovuti unazotembelea, mwenye mtandao wa ofisi vilevile, na tovuti yenyewe inakuona. Kuhusu hali fiche ya Chrome, Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliodhani hawaonekani, na katika makubaliano yaliyowekwa wazi mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Vidakuzi vya watu wa tatu, yaani vile vinavyowekwa na kampuni za matangazo ili zikufuate kutoka tovuti moja hadi nyingine, ndipo tofauti ya vivinjari inapojitokeza wazi. Safari ilivizuia vyote mwaka 2020. Firefox ilianza mwaka 2022, kwa watumiaji wake wote wa kompyuta, kuvitenganisha tovuti kwa tovuti, ili kidakuzi cha tovuti hii kisisomwe kwenye ile. Google iliahidi mwaka 2020 kuviondoa kwenye Chrome, ikaahirisha mara kadhaa, na mwaka 2024 ikaghairi. Kwa hiyo mwenye Chrome inabidi aingie mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha na usalama akavizuie. Ukitaka kujua kivinjari chako kinakuficha kiasi gani, shirika la Electronic Frontier Foundation lina ukurasa wa bure uitwao Cover Your Tracks, unaokipima wakati huo huo.

Kuhusu viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezea kwenye kivinjari, weka vichache. Mwaka 2021 Google iliondoa The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa na wengi, kwa kuwa kilikutwa na programu hasidi baada ya mwenyewe wa mwanzo kukiuza. Avast, watu wa kinga dhidi ya virusi, waliuza historia za kuperuzi za wateja wao kupitia kampuni tanzu, na mwaka 2024 mamlaka za Marekani zikawatoza dola milioni 16.5. Mimi napendekeza kimoja tu, uBlock Origin, kinachozuia matangazo na wafuatiliaji na kuokoa bando. Chrome imeshakifungia mlango. Kwenye Firefox kinafanya kazi, hata kwenye simu ya Android, na hii ndiyo sababu kubwa kwangu ya kumshauri mwenye Android aanze na Firefox. Wa iPhone abaki na Safari bila hofu, maana huku kwetu vivinjari vyote vya iPhone vinalazimika kutumia injini ya Apple ya kufungulia kurasa. Mwandishi wa habari anayelinda vyanzo vyake aizoee mapema Tor Browser, inayoficha anayeperuzi ni nani na yuko wapi, ingawa ni nzito.

Ukishaamua kuhama, usikimbilie kufuta cha zamani. Toa kwanza nywila zako na uziingize kwenye kipya. Kisha ingia kwenye akaunti uliyokuwa ukiitumia kusawazisha (kuhifadhi data za kivinjari mtandaoni ili uzipate kwenye vifaa vyako vyote), ufute data zilizobaki huko, kwa sababu kuondoa programu kwenye simu hakugusi kilichomo kwenye seva. Kama kivinjari kilikuja na simu na hakifutiki, kizime. Na lile faili la nywila ulilolitoa, kwa kawaida halina ulinzi wowote. Anayelifungua anasoma kila kitu. Lifute siku hiyo hiyo, na kwenye pipa la taka pia.