Kabla ya Kuchomwa Sindano ya Goti: Maandalizi Yanayoanzia Nyumbani

Matangazo ya sindano za "kuotesha upya" goti huwapata zaidi watu ambao bado wana mwendo. Mwalimu wa Kihesa anayekimbia alfajiri, dereva anayeteremka Kitonga mguu ukiwa kwenye klachi, mama wa Uyole anayeinua magunia ya viazi, baba wa miaka 45 asiyekosa mechi ya maveterani Jumapili. Goti linawasumbua lakini halijafika pa kubadilishwa kwa upasuaji, na ukiwaambia wapumzike watakuuliza nani atalisha watoto. Hapo katikati ndipo biashara ya sindano ilipopata nafasi. Si utapeli wote; wapo zinaowafaa. Ila uamuzi wa maana hufanyika wiki nyingi kabla ya kukaa mbele ya daktari mwenye bomba la sindano, na sehemu kubwa yake inawezekana hapahapa Mbeya, Iringa au Njombe bila kukata tiketi ya Dar.

Kwanza ujue unachouziwa, maana jina moja hufunika vitu vitatu. Kilichozoeleka zaidi ni PRP, yaani plazma ya damu yako mwenyewe yenye chembe sahani nyingi. Hutolewa damu mkononi, mililita 15 hadi 60 kutegemea kifaa, huzungushwa kwenye mashine mpaka itengane matabaka, kisha tabaka lenye chembe sahani huchomwa kwenye kiungo. Chembe hizo ndizo zinazogandisha damu ukijikata, na zimebeba protini zinazochochea ukarabati wa tishu. Cha pili ni seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zinazotolewa kwenye uboho wa nyonga au mafuta ya tumbo lako, na pengine, hapa ndipo pa kushtuka, kwenye kitovu cha mtoto wa mtu mwingine. Cha tatu ni maji ya sukari, deksitrozi, yanayochomwa kwenye kano na maungio. Sindano ya steroidi na ile ambayo watu huiita ya "mafuta ya goti" hazimo katika kundi hili, ingawa mapokezi huweza kuziorodhesha pamoja. Steroidi hutuliza uvimbe kwa wiki chache tu, wala haijengi kitu: utafiti uliotoka Marekani mwaka 2017, wa watu 140 waliochomwa kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, ulionyesha steroidi ikipunguza gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, kuliko maji ya chumvi, na maumivu yasitofautiane.

Gegedu ndilo jambo lenyewe. Halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo unaosukumwa huku na huku mguu unapotembea, kwa hiyo likichakaa hujirekebisha kwa shida, mithili ya shamba lililo mbali na mfereji kule Usangu. Ukielewa hilo hutashangaa kwamba hakuna sindano hata moja kati ya hizi iliyothibitika kuotesha gegedu jipya la goti lililosagika. Anayekuahidi picha itakayoonyesha goti la ujana, muage kwa heshima uondoke.

Sasa kazi ya kwanza, ambayo ndiyo wengi huiruka: kujua kinachouma ni nini. Kusagika kwa goti ni jambo la kawaida mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi na ugonjwa wa kusagika kwa viungo, milioni 365 kati yao ukiwa magotini. Lakini si kila goti linalouma limesagika. Kiungo kilichokakamaa asubuhi kikalegea ndani ya nusu saa huelekea kwenye kusagika; kikibaki kigumu saa nzima au zaidi, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, fikiria baridi yabisi, ambayo ina dawa zake na haiponi kwa PRP. Kidole gumba cha mguu kilichowaka usiku mmoja baada ya nyama choma na bia huenda ni gauti. Nyonga ya kijana mwenye selimundu inaweza kuwa mfupa uliokosa damu. Na kwetu, mahali penye ng'ombe wengi na watu wanaopenda maziwa mabichi, brusela haipaswi kusahaulika: homa zinazokuja na kuondoka, jasho, mgongo na nyonga kuuma. Kifua kikuu nacho huingia kwenye viungo. Kuchoma kitu chochote ndani ya kiungo chenye maambukizi ni kuyakuza.

Kwa hiyo nenda kwanza hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, upimwe kwa mikono. Daktari alikunje goti, alisukume pembeni, aangalie nyonga pia, kwa sababu nyonga mbovu hupenda kuumia gotini. Akiagiza eksirei, omba ipigwe ukiwa umesimama. Picha ya aliyelala huficha kiasi gani nafasi ya kiungo imepungua pale uzito unapokaa, na ni picha ya kusimama itakayoamua kama goti liko daraja la kwanza, la pili, la tatu au la nne. Daraja la nne, mfupa ukiwa umegusana na mfupa, ndilo lenye matumaini madogo kabisa kwa sindano hizi. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, usiikimbilie. Kwa watu waliovuka miaka 50, MRI huonyesha michaniko ya gegedu la ndani ya goti hata kwa wasiohisi maumivu yoyote, na ukishaonyeshwa mchaniko ni vigumu kuambiwa kwamba si huo unaokuuma.

Kazi ya pili haina mvuto, na ndiyo inayofanya kazi. Mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa mwaka 2019 ulipendekeza kwa nguvu mazoezi, kupunguza uzito kwa aliyezidi, na fimbo ya kutembelea. Mwongozo huohuo ukapinga kwa nguvu PRP na seli shina kwa goti na nyonga zilizosagika. Madaktari wa mifupa wa nchi hiyohiyo, mwaka 2021, walikuwa wapole zaidi: walisema PRP inaweza kupunguza maumivu ya goti, ushahidi ukiwa hafifu. Wataalamu hawajakubaliana, basi wewe usishawishike haraka. Mimi naona asiyefanya mazoezi ya paja kwa miezi mitatu mfululizo hajafikia zamu ya sindano.

Mazoezi yenyewe hayahitaji jimu. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika, kaa tena polepole. Lala chali, inua mguu ulionyooka. Panda ngazi moja ya baraza kwa mguu mbaya, shuka taratibu. Siku tatu kwa wiki, ukiongeza kidogo kidogo. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, yakibaki hadi kesho yake umezidisha. Mtaalamu wa fiziotherapia akikuona hata mara mbili tatu akakurekebisha, umefaidika. Wakimbiaji wanaojiandaa na Tulia Marathon wajue kwamba kuteremka ndiko kunakobebesha goti mzigo kuliko kupanda, na Mbeya haina uhaba wa miteremko: punguza kasi ya kushuka kabla hujapunguza kilomita. Uzito nao una hesabu yake. Kila kilo moja unayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Fimbo hushikwa mkono ulio kinyume na mguu mbovu. Wengi hushika upande uleule, halafu wanasema haisaidii.

Ukishapita hapo na goti bado linakunyima kazi, ndipo PRP inaweza kuzungumziwa, kwa matarajio ya kawaida. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2021 uliwachoma watu 288 sindano tatu, kila wiki moja: nusu PRP, nusu maji ya chumvi, bila wenyewe kujua. Baada ya miezi 12 maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Gegedu nalo halikutofautiana. Zipo tafiti nyingine ndogo zilizotoa majibu mazuri zaidi, na moja ya sababu za mkanganyiko ni kwamba PRP ya kliniki moja si ya kliniki nyingine: wingi wa chembe sahani, uwepo wa chembe nyeupe, idadi ya sindano, vyote hubadilika. Seli shina za viungo ziache kabisa mpaka ushahidi uje. Mwaka 2018 wagonjwa 12 nchini Marekani walipata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kama tiba ya viungo na mgongo.

Kwa daktari unakwenda na maswali. Anaitwa nani katika rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na ni bingwa wa nini? Kituo kimesajiliwa? Anachoma kwa kuongozwa na altrasaundi au kwa kukisia? Hasa kwenye nyonga, kukisia hakukubaliki. Ni sindano ngapi, bei ni ya moja au ya zote? Asilimia ya wagonjwa wake wasiopata nafuu ni ipi? Swali hili la mwisho linachuja: daktari mkweli atakuambia wapo, na hatakasirika.

Kuhusu usafi usione aibu kuangalia. Damu inatoka na inarudi, kwa hiyo chupa yako iandikwe jina lako mbele ya macho yako, kabla haijaingia kwenye mashine, na bomba na sindano vifunguliwe vipya ukiona. Mikoa yetu mitatu, Njombe, Iringa na Mbeya, iko miongoni mwa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na hili si la kuogopesha mtu, ni la kutufanya tudai utaratibu. Huko New Mexico, Marekani, wateja wa saluni moja ya urembo waliambukizwa VVU kupitia huduma ya usoni ya kutumia plazma ya damu, kwa sababu vifaa vilitumika hovyo. Damu ya mtu mwenyewe ni salama kwake pale tu inapokuwa kweli ni yake.

Dawa zako zote zitaje, pamoja na zile za kienyeji. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake huzuia chembe sahani kufanya kazi, na kliniki nyingi hutaka uziache siku saba hadi kumi kabla ya PRP na wiki kadhaa baadaye. Paracetamoli ndiyo hubaki. Lakini aspirini ya moyo au dawa ya kuzuia damu kuganda usiiache kwa uamuzi wako, hiyo aiamue aliyekuandikia. Unga wa mitishamba unaoondoa maumivu ya miaka ndani ya siku mbili uutilie shaka, huenda umechanganywa na steroidi. Sema kama una kisukari, mimba, saratani, upungufu wa chembe sahani, kidonda au jino lililooza. Sukari ipimwe wiki hiyohiyo. Steroidi gotini siku za karibuni ni sababu ya kuahirisha.

Halafu safari na msimu. Kama utalazimika kwenda Dar, iwe Taasisi ya Mifupa ya MOI au kwingine, kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za basi, na goti lililochomwa leo halipendi kukunjwa kutwa nzima kesho. Panga ulale huko siku mbili, chukua siti ya pembeni mwa njia, shuka unyooshe miguu kila basi linaposimama. Maumivu kuzidi siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, na kazi nzito huachwa kwa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo usipange sindano wakati mvua za kwanza zinanyesha na mahindi yanasubiri kupandwa. Bima iulize mapema na upewe jibu kwa maandishi, pamoja na bei ya kumwona daktari tena. Mtu hulipia sindano akasahau nauli ya kurudi kuangaliwa.

Kabla ya siku yenyewe andika mambo matatu unayoshindwa kuyafanya leo. Kuchuchumaa chooni, kupanda ngazi za stendi, kutembea kutoka Mwanjelwa hadi Kabwe bila kusimama, chochote chako. Kila kimoja kipe alama kati ya sifuri na kumi. Nafuu ya PRP, ikija, huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi sita, basi rudia alama hizo mwezi wa tatu. Zikiwa palepale, usikubali kuuziwa mzunguko wa pili. Na goti likiwaka moto, likavimba kwa kasi na homa ikapanda, hata kama ni usiku wa pili na uko Makambako, hiyo ni dharura ya maambukizi: nenda hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, uwaambie ulichomwa nini na lini.