SOMO: Kumtambua mungu aliye kwenye sarafu ya shaba ya Kirumi

Wiki hii watu wanne wamenitumia picha wakiuliza "huyu ni nani?" Naandika mara moja tu.

1. Loweka kwenye maji ya kuongezea betri (si asidi!). Ndimu na siki weka jikoni.

2. Upande wenye kichwa kwa kawaida ni kaisari. Geuza.

3. Soma maandishi ya pembezoni. V ni U.

4. Sasa tazama picha. Hapa ndipo nilipoaibika. Sarafu yangu ya kwanza ya kaisari Constantine ina kijana aliyeinua mkono wa kulia, kichwani miale. Nikatangaza kanisani kwamba nina Yesu wa karne ya 4, mzee mmoja akaibusu kabisa. Kumbe pembeni imeandikwa SOLI INVICTO COMITI, yaani "kwa mwenzi, Jua lisiloshindwa". Ni Sol, mungu jua, na lile "tunda" la mkono wa kushoto ni tufe la ulimwengu. Constantine aliruhusu Ukristo mwaka 313, lakini Sol aliendelea kuonekana kwenye sarafu zake za shaba miaka kadhaa baadaye. Basi hatua ya 3 usiiruke. Na tahadhari nyingine: miale ikiwa kichwani mwa kaisari mwenyewe, usikimbilie dini. Kwenye dupondio (aina ya sarafu ya Kirumi), tangu kaisari Nero, mara nyingi ni alama ya thamani tu: dupondio moja ni asi mbili, na asi ni sarafu ya thamani ndogo zaidi.

5. Herufi za chini kabisa, kwenye sarafu za enzi ya Constantine, ni alama ya mji ilikopigwa. PLN London, PTR Trier (Ujerumani ya leo).

MASWALI

Chuma_Chakavu: Yangu ina mtu amesimama. Nani huyo? Bei gani?
— Hatua ya 3.

Chuma_Chakavu: Sioni maandishi, niliisugua kwa ndimu ikang'aa.
— Basi umemsugua mungu mwenyewe. Pole.

Binti_Mrima: Shikamoo mwalimu. Yangu GENIO POPVLI ROMANI, kijana kifua wazi, kama amejitwika kikapu?
— Marahaba binti, huku ndiko kusoma. Ni Genius, roho mlinzi wa watu wa Roma. Kikapu hicho ni pishi ya nafaka. Mkono wa kulia ana sahani ya kumiminia sadaka, wa kushoto pembe iliyojaa mazao. Alienea sana baada ya kaisari Diocletian kubadili sarafu, karibu mwaka 294.

Binti_Mrima: Na alama ya Kristo ilijaza lini upande mzima?
— Tafuta shaba za kaisari Magnentius (350–353): X na P kubwa zilizopishana (herufi mbili za kwanza za "Kristo" kwa Kigiriki), kushoto alfa, kulia omega. Miaka kama kumi baadaye kaisari Julian, aliyerudia miungu ya kale, akapiga fahali na nyota mbili. Maana ya fahali huyo wataalamu wanabishania hadi leo.

Nahodha_Mstaafu: Mbona za shaba za Kilwa hazina picha?
— Masultani wale walikuwa Waislamu, mzee wangu, waliweka maandishi tu. Ila ukizisoma kwa sauti, maneno ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, kama shairi.

Nahodha_Mstaafu: Ninayo moja. Naileta kesho.
— Usiioshe!